Rais Ó Dálaigh wa Ireland, 1976: alisaini muswada, mbona akajiuzulu?

Mdadisi: Wakuu, nisaidieni. Cearbhall Ó Dálaigh kapita Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Jaji Mkuu, halafu Rais. Mwaka 1976 kaupeleka muswada wa serikali Mahakama ya Juu, mahakama ikaupitisha, naye akausaini. Ugomvi ulitoka wapi? Na Mwanasheria Mkuu wa kule ni waziri?

Wakili_K: Si waziri. Ibara ya 30 ya Katiba inamtoa kabisa kwenye Serikali: anaishauri tu, na Taoiseach (waziri mkuu wao) akiachia ngazi, naye anaachia. Ndiyo maana Ó Dálaigh alikishika cheo hicho mara mbili, 1946–48 na 1951–53, zote chini ya Taoiseach de Valera. 1953 akaingia Mahakama ya Juu, 1961 Jaji Mkuu, 1973 Mahakama ya Haki ya Ulaya, Luxembourg. Urais aliupata Desemba 1974 bila mpinzani.

Ibara26: Muswada wenyewe uliwapa polisi kumshikilia mtu siku 7 bila mashtaka. Bunge lilikuwa limeshatangaza hali ya hatari, na ibara ya 28 inazikinga sheria za namna hiyo zisipingwe kikatiba. Mawaziri wakaona Rais anawapotezea muda.

Lakini utaratibu aliufuata. Kwanza Baraza la Dola, yaani washauri wa Rais, ambalo analisikiliza bila kufungwa nalo. Kisha anaupeleka Mahakama ya Juu ndani ya siku 7 tangu aletewe muswada. Wanakaa majaji wasiopungua 5, wana siku 60, na hukumu hutoka moja, hakuna jaji wa kupinga pembeni. Hatari yake: muswada ukipita huko, sheria hiyo haipingwi tena mahakamani.

Hukumu ya 15 Oktoba iliupitisha, ila ikasema usisomwe kana kwamba unamnyima mahabusu wakili, daktari au njia ya kufika mahakamani. Kwangu hilo peke yake lilitosha kuupeleka.

Mdadisi: Sawa. Na kujiuzulu?

Wakili_K: Tarehe 18 Oktoba Waziri wa Ulinzi, Patrick Donegan, alimtukana Rais kwa kuupeleka muswada mahakamani, kwenye kambi ya Mullingar, mbele ya wanajeshi. Sasa angalia: Rais ndiye Amiri Jeshi Mkuu, na maofisa wale wanapewa kamisheni na yeye. Angetukaniwa bungeni, pengine angemeza.

Waziri alitaka kujiuzulu, Taoiseach Liam Cosgrave akakataa. Tarehe 21 hoja ya kumng'oa waziri huyo ikaanguka bungeni, kura 63 kwa 58.

Ibara26: Na Rais hana pa kujibia. Akitaka kulihutubia taifa au kulipelekea Bunge ujumbe, ibara ya 13 inataka Serikali iidhinishe maneno yenyewe kwanza. Serikali ileile! Kesho yake, tarehe 22, akaondoka, akisema analinda heshima na uhuru wa ofisi ya Rais.