Vishikwambi vya kupokelea kahawa: toleo gani la Android linafaa kwenye RAM ya GB 1?

KaraniWaMizani (Kibosho, Moshi)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni karani katika chama cha ushirika cha msingi cha wakulima wa kahawa hapa Kibosho. Kwa misimu mitatu sasa tunapokea kahawa ya maganda kwa vishikwambi badala ya daftari. Karani anapima gunia kwenye mzani wa kielektroniki, uzito unaingia kishikwambini kwa Bluetooth, mkulima anatumiwa ujumbe wenye kilo zake, na jioni kumbukumbu zote zinapelekwa kwenye seva ya chama. Tangu tuanze utaratibu huu, malalamiko ya kilo kupungua kati ya mzani na malipo yamekwisha kabisa, na ndiyo maana ninaulinda kwa nguvu zote.

Tunavyo vishikwambi 14. Vitano ni vipya kiasi: RAM ya GB 2, hifadhi ya GB 32, Android 11 toleo la Go, yaani toleo jepesi la vifaa vyenye RAM ndogo. Tisa ni vya zamani: RAM ya GB 1, hifadhi ya GB 8, Android 7.0. Hivi tisa vimeanza kutusumbua, kwani tangu mwishoni mwa 2024 vinashindwa kutuma kumbukumbu, vikieleza kwamba muunganisho na seva si salama, ingawa intaneti ipo na saa na tarehe ni sahihi. Tunalazimika kuhamisha mafaili kwa waya kila jioni.

Kijana anayetutengenezea programu, ambaye yuko Arusha, ametuarifu kwamba toleo jipya litahitaji Android 10 au zaidi, kwa maelezo kwamba duka la Google linamlazimisha kupandisha kiwango. Nilipokwenda mjini Moshi kuuliza, fundi mmoja aliniambia kwamba anaweza kuviwekea vyote tisa Android 12 kwa Sh 30,000 kila kimoja, yaani Sh 270,000. Kununua vipya tisa ni gharama kubwa mno kwetu, kwa sababu fedha ya chama ni makato ya kila kilo ya mkulima na lazima niieleze mbele ya mkutano mkuu.

Maswali yangu ni haya. Je, kifaa cha RAM ya GB 1 kinaweza kweli kubeba Android 12? Ni nini hasa kinachoamua kifaa fulani kiishie toleo gani? Na je, kupandisha toleo ndiyo dawa ya tatizo la kutuma kumbukumbu? Mavuno yanaanza Julai, kwa hiyo muda ninao, lakini si mwingi.

---

FundiKiboriloni

Ndugu Karani, mimi ni fundi wa simu hapa hapa Moshi kwa zaidi ya miaka kumi. Ninakuomba usilipe fedha hiyo kabla ya kusoma haya.

Watu wengi huamini kwamba toleo la Android ni kama shati, ukilipata la saizi kubwa unalivaa tu. Sivyo. Kati ya Android na vipuri vya kifaa, yaani kioo, kamera, Bluetooth na modemu ya mtandao, kuna programu ndogo zinazoitwa viendeshi, na hizo huandikwa na mtengenezaji wa prosesa kwa ajili ya kerneli fulani ya Linux, yaani kiini cha mfumo kinachozungumza na vipuri. Mtengenezaji akishaacha kuandika viendeshi vipya, kifaa kimefika mwisho wake hata kama RAM inatosha. Mfano unaojulikana ni Nexus 5 ya mwaka 2013, simu iliyobeba jina la Google yenyewe na yenye RAM ya GB 2, ambayo iliishia Android 6.0.1 na haikupewa Android 7 rasmi.

Mambo yalilegea kidogo Android 8.0 ilipotoka mwaka 2017, kwa sababu Google ilitenganisha sehemu ya mfumo na sehemu ya viendeshi kwa utaratibu uitwao Treble. Kifaa chenye Treble kinaweza kuwekewa mfumo wa jumla bila kugusa viendeshi vyake. Lakini sharti hilo liliwabana watengenezaji kwa vifaa vilivyotoka kiwandani na Android 8.0 na kuendelea. Vyako vilitoka na 7.0, hivyo karibu hakika havina.

Basi mtu anayekuahidi Android 12 kwenye kifaa cha namna hiyo atafanya moja kati ya mambo mawili. Atatafuta mfumo wa kifaa kingine chenye prosesa inayofanana na kuulazimisha, na hapo mara nyingi mguso wa kioo au Bluetooth hugoma. Au atabadilisha maandishi tu katika faili la mfumo ili ukifungua mipangilio usome 12 huku ndani ikibaki 7.0. Nimewahi kuletewa vifaa vya aina zote mbili. Kuna hatari ya tatu ambayo kwetu Tanzania si ndogo: kuflashi vibaya, yaani kukosea kuweka mfumo mpya, kunaweza kufuta namba ya IMEI, ambayo ni utambulisho wa kifaa kwenye mtandao. Tangu Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilipozima simu bandia, kifaa kisicho na IMEI halali hakina nafasi kwenye mitandao yetu. Piga *#06# kwenye kila kishikwambi na uandike namba zake leo, hata kama hutavigusa.

---

MtunziProgramu_Njiro

Ninaandika kutoka Arusha, na kazi yangu ni kutengeneza programu za Android. Fundi ameeleza vizuri upande wa kifaa. Mimi ningependa kuutazama upande wa programu, kwa sababu ninaamini tatizo lako lipo huko zaidi.

Kila programu ya Android hubeba namba mbili ambazo hata watengenezaji wenyewe huzichanganya. Ya kwanza ni toleo inalolilenga, yaani toleo jipya kabisa ambalo mtengenezaji amelizingatia kanuni zake. Ya pili ni toleo la chini kabisa ambalo programu inakubali kusakinishwa. Duka la Google hulazimisha ya kwanza: tangu Agosti 31, 2025 programu mpya na masasisho lazima yalenge kiwango cha API 35 (namba ambayo watengenezaji hulitambulia toleo), ambacho ni Android 15. Halilazimishi ya pili. Programu inaweza kulenga Android 15 na bado ikasakinishwa bila shida kwenye Android 7.0, ambayo ni API 24. Mwambie kijana wako hivyo kwa heshima, kwa sababu inawezekana kabisa amesoma onyo la duka akadhani linahusu namba ile nyingine. Kama ana sababu ya kweli ya kudai Android 10, ataitaja. Kupokea kilo kutoka kwenye mzani, kuziandika na kuzituma si sababu mojawapo.

Sasa kuhusu kutuma kumbukumbu. Ulipotaja Android 7.0 na mwishoni mwa 2024 katika sentensi moja, nilishuku jambo moja mara moja. Seva nyingi ndogo huthibitisha utambulisho wao kwa vyeti vya bure vya taasisi iitwayo Let's Encrypt. Cheti cha mzizi cha taasisi hiyo, yaani kile ambacho vingine vyote hutegemea ili viaminiwe, kiitwacho ISRG Root X1, kilianza kutambuliwa na Android kuanzia toleo la 7.1.1. Vifaa vya chini ya hapo vilikuwa vikikubali kwa sababu ya sahihi ya taasisi nyingine ya zamani, na sahihi hiyo ilikoma Septemba 2024. Tangu hapo kishikwambi chako kinaiona seva ya chama kama mgeni asiyejulikana. Kupima ni rahisi: fungua anwani ya seva kwenye kivinjari cha Firefox, ambacho hubeba orodha yake ya vyeti bila kutegemea ile ya mfumo. Ikifunguka humo huku programu yenu ikigoma, basi tumepata.

Dawa yake haihitaji Android 12. Kuanzia Android 7.0 yenyewe, mtengenezaji anaweza kuweka cheti cha mzizi ndani ya programu na kuieleza programu ikiamini. Ni faili moja na mistari michache. Asije akachukua njia ya mkato ya kuzima ukaguzi wa vyeti, kwa sababu hapo mtu yeyote aliye katikati ya mtandao ataweza kusoma, na hata kubadilisha, kilo za wakulima wako.

Kuhusu RAM, Google yenyewe imeandika mipaka. Mwaka 2017 ilitoa toleo la Go pamoja na Android 8.1 kwa vifaa vya GB 1 au chini yake. Ilipofika Android 13, kiwango cha chini cha Go kikapandishwa hadi RAM ya GB 2 na hifadhi ya GB 16. Kifaa cha GB 1 na GB 8 kiko nje ya mpaka huo kwa pande zote mbili. Nawe ungetazama pia kerneli: katika vifaa vya umri wa vyako mara nyingi ni 3.18 au ya nyuma zaidi, na hizo hazina sehemu zote za eBPF, chombo cha ndani ya kerneli, ambazo Android 12 inazitegemea katika kuhesabu na kuchuja data za mtandao. Hata ikiwaka, unaweza kukuta intaneti yenyewe haifanyi kazi sawasawa.

Na tuseme imewaka na kila kitu kikafanya kazi. Wengi hutaka toleo jipya kwa ajili ya usalama, lakini Google iliacha kutoa viraka vya usalama vya Android 12 mwaka 2025. Ungelipa Sh 270,000 kutoka kwenye toleo lisilohudumiwa na kuingia toleo jingine lisilohudumiwa, tena zito zaidi.

Naomba utuletee taarifa mbili: kerneli, ambayo ipo kwenye mipangilio chini ya maelezo ya kifaa, na usanifu wa prosesa kama unavyoonyeshwa na programu ya CPU-Z. Ikiandika armv7l ni biti 32, ikiandika aarch64 ni biti 64.

---

KaraniWaMizani

Ninashukuru sana. Nimevikagua vyote tisa jana jioni baada ya kazi, na IMEI nimeziandika kwenye daftari la mali la chama.

Kerneli ni 3.18 kwenye vyote, usanifu ni armv7l, na nafasi iliyobaki kwenye hifadhi ni kati ya GB 1.1 na GB 2.9. Firefox imeifungua seva bila neno, wakati programu yetu kwenye kishikwambi hicho hicho imegoma. Nimemtumia kijana wetu maelezo ya Mtunzi kama yalivyo.

Nina swali la nyongeza. Je, hiyo biti 32 itatuzuia? Na kwa vile hakuna viraka vya usalama, je, ni halali kuendelea kuvitumia kwa taarifa za wakulima?

---

MtunziProgramu_Njiro

Biti 32 haiwazuii leo. Tangu Agosti 2019 duka la Google linataka programu zenye msimbo asilia, yaani ulioandikwa moja kwa moja kwa ajili ya prosesa, ziwe na toleo la biti 64, lakini halikatazi kubeba la biti 32 pamoja nalo, na kijana wako ahakikishe tu kwamba hajaliondoa ili kupunguza ukubwa. Kwa wenzetu wa Apple hali ni tofauti: iOS 11 ya mwaka 2017 iliacha biti 32 kabisa, na iPhone 5 ikabaki iOS 10.

Swali lako la usalama ni zito, nami silipuuzi. Kifaa kisichopata viraka kisitumike kama simu ya mtu. Ondoa barua pepe, kivinjari, mitandao ya kijamii na akaunti binafsi. Zuia usakinishaji wa programu nyingine. Laini yake iwe ya data kwa ajili ya seva peke yake. Na kumbukumbu zikishapokelewa na seva zifutwe kishikwambini. Kikibaki na kazi moja, milango ya kuingilia inakuwa michache. Vile vitano vya Android 11 navyo havipo tena kwenye orodha ya viraka vya Google, kwa hiyo vipewe masharti hayo hayo.

Jambo dogo kuhusu mzani: hadi Android 11, programu inayotafuta vifaa vya Bluetooth huhitaji ruhusa ya mahali, na kuanzia Android 12 ruhusa hiyo ilibadilishwa ikawa ya Bluetooth yenyewe. Kwa kuwa programu italenga Android 15 huku ikifanya kazi kwenye 7.0 na 11, lazima iombe ruhusa kwa njia zote mbili kulingana na kifaa. Hapa ndipo wengi hukosea, kisha makarani hulaumu mzani.

---

MwalimuTengeru

Naomba kuongeza jambo moja kutokana na uzoefu wa shuleni. Katika vishikwambi vya hifadhi ya GB 8, kinachoua kasi mara nyingi ni hifadhi iliyojaa, na watu hudhani ni RAM. Sisi tulivirudisha kwenye hali ya kiwandani, tukazima programu zilizokuja navyo ambazo hatuzitumii, na tukazuia masasisho ya moja kwa moja. Vilivyokuwa vikichukua karibu dakika nzima kufungua ukurasa vilirudi kuwa vya kutumika. Ndugu Karani, anza na kile chenye nafasi ya GB 1.1, ila hamisha kumbukumbu zake kwanza.

---

KaraniWaMizani

Ndugu zangu, ninaleta mrejesho baada ya wiki mbili.

Kijana wetu amekiri kwamba alichanganya zile namba mbili. Amerudisha toleo la chini kuwa Android 7.0, ameweka cheti cha mzizi ndani ya programu, na ruhusa za Bluetooth amezipanga upya. Jumamosi tulijaribu vishikwambi viwili vya zamani na kimoja cha Android 11 kwenye kituo chetu cha juu, tukapima magunia 20 ya mchanga badala ya kahawa. Uzito wote umeingia na kumbukumbu zote zimefika kwenye seva bila waya.

Kati ya vile tisa, vinane nimevisafisha kwa njia ya Mwalimu. Kimoja betri yake imevimba, na nimekiondoa kazini. Kwa hiyo mkutano mkuu nitauomba fedha ya kishikwambi kimoja, nami nimeandika kwenye maombi kiwe na RAM ya GB 4, hifadhi ya GB 64, prosesa na mfumo vya biti 64, na mtengenezaji aliyetaja kwa maandishi miaka atakayotoa viraka vya usalama. Kama kuna kigezo nilichokisahau, naomba mnikumbushe kabla ya Jumatano, siku ambayo kamati ya manunuzi inakaa.

---

FundiKiboriloni

Ongeza mambo mawili: betri iwe ya aina ambayo vipuri vyake vinapatikana Moshi au Arusha, na kabla ya kulipa piga *#06# dukani ulinganishe namba na ile iliyoandikwa kwenye boksi. Hicho chenye betri iliyovimba usikichaji tena. Niletee, betri nitaitoa bila malipo, na kioo chake kitawafaa vile vinane siku kimojawapo kikianguka kituoni.