Nyanya zinaoza kitako, msaada jamani

mama_bustani: Wadau niko Minnesota, mume wangu fundi wa taa thieta, msimu umeisha na mkataba hawamuongezei, sasa bustani ndo inatutoa kwa mboga ila nyanya zinaoza chini kitako cheusi, shida nini?

shambaboi: Pole dada. Huo si ugonjwa, ni maji ya leo mengi kesho hamna, kalsiamu haifiki kwenye tunda. Mwagia shinani asubuhi, tandaza nyasi kavu.

bi_mchicha: Ongeza mchicha, joto la Julai unalipenda. Na shemeji aombe mafao ya kukosa kazi mapema, asizubae.

mama_bustani: Asanteni, ndo kashika mpira saa hii anamwagia majani 😂

shambaboi: Mnyang'anye! Kulowesha majani ni kuita ukungu