Ukoo wa Kirua: Viza ya Upendo

Mama Upendo: Bwana asifiwe ndugu zangu. Upendo kanipigia kutoka Sharjah, kule Falme za Kiarabu, analia. Anasema viza imeisha, na bosi wake kila siku anamwambia atulie. Mbona pasi imeandikwa 2031?

Godi: Shikamoo shangazi. 2031 ni ya pasi yetu. Ukaazi wa kule ni kitu kingine kabisa, na tangu 2022 hawabandiki tena viza kwenye pasi. Tarehe iko kwenye kile kitambulisho chao. Atume picha.

Baba Mkubwa: Si aondoke tu hapo kwa huyo bosi, akae na Watanzania wenzake atafute kibarua?

Godi: Baba mkubwa, nakuomba, asithubutu. Bosi akienda kumripoti kuwa katoroka, Upendo ndiye anageuka mkosaji. Mimi nimeishi hivyo Dubai. Siku za neema, yaani zile wanazokuruhusu kukaa baada ya viza kuisha, zikimalizika, faini ni dirhamu 50 kila siku. Nilipitiliza siku 212. Piga hesabu: 10,600, karibu dola 2,900. Nilikuwa nikiona gari la polisi navuka barabara, moyo unagonga. Kilichoniokoa ni ule msamaha wa 2024, Septemba hadi Desemba. Nilipewa kibali cha kutoka cha siku 14, bila faini. Msamaha ule ulishaisha, tusiutegemee.

Mama Upendo: Ee Mungu wangu. Godi, siku zote ulituambia kazi inaendelea vizuri.

Godi: Niliona aibu, shangazi. Ndiyo maana nimefurahi Upendo kasema mapema.

Upendo: [picha]
Shikamooni wote. Naandika nikiwa chooni. Kadi ndiyo hiyo, imepita siku 19. Pasi imefungiwa kwenye kabati la madamu.

Godi: Pole dada. Kwanza, sheria ya kwao hairuhusu mwajiri kushikilia pasi yako, na kuhuisha ukaazi ni kazi yake, si yako. Muulize kwa ujumbe wa simu, siyo kwa mdomo, ili majibu yabaki. Uanze kwa adabu: "Madamu, kadi yangu imeisha, naomba tuihuishe au unifutie viza nirudi nyumbani." Usifute chochote. Piga picha mkataba pia. Una siku ya mapumziko?

Upendo: Jumapili.

Baba Mkubwa: Nisamehe mwanangu, nilikuwa nakupeleka pabaya. Tuna ubalozi Abu Dhabi na ubalozi mdogo Dubai. Wa Dubai ndio wa jirani nawe. Kesho nakwenda mjini Moshi niiskani ile kopi ya pasi uliyoacha kwa mama yako, nikutumie.

Godi: Upendo, wapigie kwanza hao wa Dubai uulize wanafungua siku gani. Kama Jumapili wamefunga, omba ruhusa ya siku ya kazi, tena kwa ujumbe.

Upendo: Sawa kaka. Ananiita, natoka.

Mama Upendo: Nenda mwanangu. Usiku huu simu siizimi.