"Piga Windows upya"?! Kwa pembetatu ya njano?!

Wakuu, mods msiunganishe uzi huu na mwingine.

Yule bwana mnamjua, sina haja ya kumtaja. Mtu kauliza kwa adabu: kafanya apdeti, kafungua eventvwr.msc (kitazama-logi cha Windows), kakuta pembetatu za njano zimejaa, chanzo DistributedCOM, namba 10016. Ni hatari? Jibu alilopewa: "Piga Windows upya." Maneno matatu! Mafaili ya miaka yote yafutwe kwa sababu ya 10016!

10016 maana yake programu imegonga mlango wa sehemu fulani ya mfumo bila ruhusa, imekataliwa, ikajaribu kwa njia nyingine ikapita. Microsoft wenyewe wameeleza kwamba ndivyo ilivyoundwa na unaweza kuipuuza. Ukipiga Windows upya, itarudi kabla hujamaliza kuweka draiva! Halafu mtu anaandika "piga Windows upya" na kuondoka, kama daktari anayekata mguu kwa kucha iliyoota vibaya.

Angalia chanzo, namba na saa. Onyo lililotokea mara moja wakati apdeti inajiweka, achana nalo. Washa upya mara mbili, kisha tazama lipi bado linajirudia. Chanzo kikiwa disk na namba ni 7, kuna sehemu mbovu kwenye diski; 153 ni ombi la kusoma au kuandika lililobidi lirudiwe. Hapo nakili mafaili yako kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Na hapo ndipo "piga Windows upya" ingeumiza zaidi, maana unaibebesha diski inayokufa gigabaiti nyingine za kuandika!

Maneno matatu, wakuu!

kernel_mzee: Naunga mkono. Huyo huyo akiona "ACPI BIOS Error" kwenye Linux anasema kompyuta imekufa. Ujumbe huo unatokana na fimuwea ya bodi, mara nyingi ulikuwepo hata kabla ya apdeti. Linganisha logi za Linux, maonyo na makosa tu: `journalctl -b -p 4` ni mwasho wa sasa, `journalctl -b -1 -p 4` ni uliotangulia. Kilichopo kwenye wa sasa peke yake ndicho cha kufuatilia. Malizia na `systemctl --failed`, uone huduma zilizoshindwa.

bonyeza_kulia: Mkuu, pumua. Hayo maneno matatu umeyarudia mpaka yamegeuka kibwagizo, na tukio la Kernel-Power 41 kwenye logi za Windows hujaligusa hata kidogo, wakati ndilo linalowatisha watu. Nalo linasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa vizuri. Sababu halisemi, kagua umeme, joto na RAM.

mleta uzi: Sijamaliza kukasirika. Hata kama mafaili ya mfumo yameharibika, kuna `DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth`, kisha `sfc /scannow`, kwa mpangilio huo, kwa sababu sfc inachukua nakala safi kutoka kwenye hazina ambayo DISM imeitengeneza. Hizo ni amri mbili, na hakuna faili lako linaloguswa!

diski_imejaa: Nyie mnagombania njano, mimi nagombana na logi zinazokula nafasi. Usipoweka kikomo, journald (inayotunza logi za Linux) inaweza kuchukua asilimia 10 ya diski, mwisho GB 4. Kila mtu anaelekeza kuzipunguza kwa `journalctl --vacuum-size=200M` halafu hazipungui, kwa kuwa faili linaloandikwa sasa haliguswi. Tanguliza `journalctl --rotate`, ili faili hilo lifungwe na jipya lianze. Kisha weka `SystemMaxUse=200M` kwenye journald.conf, uanzishe upya systemd-journald.

kernel_mzee: Hiyo afadhali. Wenye Windows na Linux kwenye mashine moja saa inaruka kila wakihama, maana Windows huisoma saa ya bodi kama saa za hapa na Linux kama UTC; logi zinapinda, onyo la asubuhi linaonekana la jana usiku.

diski_imejaa: Aisee, hilo ndilo lilistahili uzi. `timedatectl set-local-rtc 1`?

kernel_mzee: Hapana, hiyo inaifanya Linux nayo itumie saa za hapa, na inaleta shida saa za majira zikibadilika. Rekebisha upande wa Windows: kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), TimeZoneInformation, tengeneza DWORD (thamani ya namba) `RealTimeIsUniversal`, iwe 1, ili nayo itumie UTC.

bonyeza_kulia: Fungueni uzi wa saa basi, nina yangu pia.