Kaunsela anitolee siri yangu kwa foleni ya pilau??

Nimetoka harusini sai hivi, hata viatu sijavua, mikono inatetemeka. Nyote mnamjua huyo mama, yule wa Kilimani mwenye sauti ya upole, nusu ya Nairobi imelia kwa kiti chake. Niko kwa foleni ya chakula, mbele yangu mama ya mchumba wangu, nyuma mashangazi wake, huyo mama ananiona kutoka ng'ambo ya sufuria, kijiko cha pilau mkononi, anapaaza sauti mpaka emsii ananyamaza: "Dadangu! Ile simu ya marehemu bado unalala nayo chini ya mto?"

CHINI YA MTO!! Mama mkwe sahani ikamlalia upande, mchuzi wote kwa leso, hajanisemesha mpaka tukaachana.

Hiyo simu hata mama aliyenizaa hajui. Niliisema mlango umefungwa, nimelipa, nimesaini karatasi inasema siri itatoka tu nikitaka kujidhuru ama kudhuru mtu, ama korti ikiamuru. Sasa hapo nani alikuwa anadhurika, pilau? Kaunsela akikupata nje anangoja wewe umsalimie kwanza, juu hata kujulikana unaenda kwake ni siri! Na sheria ya washauri na wanasaikolojia iko tangu 2014, bodi iko, ya kulinda data ya 2019 iko. Chini ya mto jamani, na kijiko mkononi!

Mama Wawili: Woiye pole. Huyo aliniambia "usijali, niko na mwingine analala na simu ya marehemu". Kumbe ni wewe!!

Jirani wa Umoja: Foleni moja imekuuma, na hapa umeambia Kenya nzima 😂

Mwenye uzi: Hapa nimeamua MIMI. Kule aliamua yeye, mbele ya mama mkwe!

Wakili wa Mtaa: Kule California 1976, kesi ya Tarasoff, korti ilisema mtaalamu achukue hatua kumlinda mtu ambaye mgonjwa anatishia kumdhuru. Hiyo sawa. Simu ilitishia nani? Andikia bodi, taja tarehe, hao mashangazi ndio mashahidi.

Soja wa Kayole: Mashangazi wa bwana watoe ushahidi? Sahau. Na afadhali wewe, yule wa kemisti yetu huuliza kwa nguvu "ni ile ya kuwashwa?" laini imefika barabarani.

Mama Wawili: Kemisti ya steji? Huyo alinisomea mpaka dawa za mzee wangu!

Kijana wa Githurai: Keateka wetu amebandika majina ya wenye deni la renti kwa geti. Mimi namba moja na nililipa!!

Jirani wa Umoja: Ploti gani, ile ya maji ya Jumanne?

Mwenye uzi: Jamani, CHINI YA MTO.

Kijana wa Githurai: Hiyo hiyo. Na Jumanne hii hayakuja.

Soja wa Kayole: Nyinyi hata mnapata Jumanne? Huku tunanunua kwa mkokoteni.