Mjadala: Wazazi wasipopimwa, watoto wa mbwa wasisajiliwe?

Mleta mada:

Wapenzi wa mbwa, salaam. Sote tunaijua hati ya ukoo inavyotolewa kwa fahari: baba bingwa, babu bingwa, bibi naye bingwa. Hati hiyo inataja nani kamzaa nani, lakini kuhusu nyonga za mama au jeni ya upofu aliyobeba baba iko kimya. Hoja yangu ni hii: chama kinachosajili mbwa kikatae kusajili watoto ambao wazazi wao hawakupimwa magonjwa yanayojulikana katika aina yao, na majibu yawekwe hadharani, mazuri na mabaya.

Chukueni nyonga. Mbwa hupewa dawa ya kumlegeza, hulazwa chali, miguu ya nyuma ikanyooshwa na magoti kugeuzwa ndani kidogo, ndipo eksirei ipigwe. Kwenye picha mtaalamu anaangalia kichwa cha mfupa wa paja kimezama kiasi gani ndani ya kikombe chake. Mbwa mchanga mwenye nyonga mbovu anaweza kukimbia na kuruka bila kuchechemea, kwa hiyo macho ya mfugaji, hata awe mzoefu vipi, hayatoshi. Taasisi ya OFA ya Marekani, iliyoanzishwa 1966, haitoi cheti cha mwisho cha nyonga kabla mbwa hajafikisha miezi 24. Jike anayepandishwa akiwa na mwaka mmoja, uzima wa nyonga zake tumeujuaje?

Upofu wa prcd-PRA, ugonjwa wa kurithi unaoharibu retina ya jicho polepole, ni mwepesi zaidi kuuzuia. Unapitisha kijiti cha pamba ndani ya shavu, unakipeleka maabara. Ugonjwa huja mtoto akirithi nakala mbili za jeni mbovu. Mbebaji ana nakala moja tu na haumwi. Mpandishe na aliye salama, yaani asiye na nakala mbovu hata moja: kwa wastani nusu ya watoto watakuwa wabebaji, na hakuna atakayepofuka kwa jeni hiyo. Kuzalisha kipofu wa namna hii wakati kipimo kipo ni uzembe, nalisema bila kumung'unya maneno.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, vipimo naviunga mkono, ila hilo la lazima linanitia hofu. Kumbuka yaliyowapata Basenji, wale mbwa wa Kongo wasiobweka. Miaka ya 1970 kilipatikana kipimo cha kuwatambua wabebaji wa ugonjwa wao wa kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu. Wafugaji wakawaondoa wabebaji kwenye uzazi kwa wingi, na waliobaki wakawa wachache. Humo humo ukashamiri ugonjwa wa Fanconi, unaofanya figo zimwage sukari na virutubisho vingine kwenye mkojo. Mwishowe ikabidi watu warudi Afrika kutafuta damu mpya, na mwaka 1990 AKC, chama cha Marekani kinachosajili mbwa, kikafungua daftari lake la usajili kwa mbwa wale. Kanuni kali ikitua mikononi mwa watu waoga, mbebaji ndiye atakayefukuzwa kwanza.

Mleta mada:

Ndugu, hapo tuko pamoja kabisa, na ndiyo maana nimedai kupima na kutangaza, sikudai mbebaji ahasiwe. Mbebaji mwenye nyonga nzuri, moyo mzima na tabia tulivu apandishwe na aliye salama, kisha mtoto bora aliye salama aendeleze ukoo. Ninachopinga ni kuficha.

Tena ongeza Dalmatian, wale mbwa weupe wenye madoa. Karibu wote walikosa nakala isiyo na kasoro ya jeni inayosaidia kushughulikia asidi ya yuriki, ndiyo sababu madume hasa huziba mkojo kwa mawe. Ungewapima wote usingempata wa kumchagua. Mwaka 1973 mtaalamu wa vinasaba Robert Schaible alipandisha Dalmatian na mbwa mmoja wa aina ya Pointer, mwenye jeni hiyo salama, kisha uzao ukarudishwa kwa Dalmatian kizazi baada ya kizazi. AKC ilikuja kuwakubali rasmi wazao hao 2011. Miaka yote hiyo mbwa waliteseka kwa sababu watu walilinda usafi wa daftari! Hili linaniuma.

Mchangiaji wa pili:

Mimi naogopa karatasi za maabara zenyewe. Bulldog anaweza kuja na orodha ndefu ya jeni "salama" huku akikoroma macho wazi, hawezi kupanda ngazi bila kuhema. Na Cavalier, yule mbwa mdogo mwenye masikio marefu, je? Vali ya moyo inalegea taratibu, hakuna kijiti cha pamba cha kuitabiri.

Mleta mada:

Swali zuri. Kwa Bulldog kipimo kiwe mwendo: daktari asikilize koo lake kabla na baada ya kumtembeza haraka, ampe daraja. Kwa Cavalier ni kusikiliza moyo kila mwaka na kuchelewesha uzazi, kwa kuwa mlio usio wa kawaida wa moyo, dalili ya vali kuvuja, huchelewa kujitokeza. Wafugaji makini hutaka pia wazazi wa mbwa huyo wawe wamefika miaka 5 bila mlio. Hayo nayo yaingie kwenye sharti la usajili. Sasa anayepinga aniambie: mnunuzi akiomba majibu ya mama na baba, kwa nini asipewe?