Mgeni mzee na haja ya usiku: choo cha uani, chombo cha chumbani, au kubadilisha pa kulala?

Babu wa Wete

Assalamu alaykum. Mimi ni mzee wa miaka 72, mkaazi wa Wete, na mwezi ujao Inshaallah nitavuka kwenda Unguja kwa wiki tatu kwa ajili ya kliniki ya macho, ambako huenda nikafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Usiku huamka mara tatu, wakati mwengine nne, kwenda haja ndogo. Nyumbani kwangu jambo hili halinisumbui sana, kwa kuwa njia ya kutoka kitandani hadi msalani naijua hata umeme ukiwa umekatika. Tabu ni ninapokuwa mgeni.

Mara ya mwisho nilifikia kwa mwanangu, Mji Mkongwe. Chumba cha wageni kiko ghorofa ya pili, choo kiko chini karibu na ua, na baina yao pana ngazi za mbao zilizosimama kama ngazi za kushukia ndani ya jahazi. Usiku wa pili niliteleza vidato viwili vya mwisho. Alhamdulillahi sikuvunjika, lakini sikumwambia mtu, na siku zote zilizobakia nikawa najizuia mpaka adhana ya alfajiri, hata tumbo la chini likaanza kuniuma.

Safari hii naona njia tatu. Ya kwanza ni kurudi kwa mwanangu na tochi nzuri, nikashuka polepole. Ya pili ni kulala hapo hapo ghorofani nikiwa na chombo chenye kifuniko chumbani, jambo ambalo naliona zito mbele ya mkaza mwanangu. Ya tatu ni kufikia kwa mpwa wangu, Bububu, ambaye nyumba yake ni ya chini, lakini choo kiko uani, hatua kama ishirini, na mlango wa uani una komeo la chuma linaloamsha nyumba nzima. Nakuombeni mnilinganishie, hasa nyinyi mliowahi kuuguza wazee au kukaa nao.

Mkaza Mwana wa Fuoni

Wa alaykum salaam, baba. Shikamoo. Nitajibu kama mwenyeji, kwa sababu na mimi nilimpokea mkwe wangu kutoka Mkoani miaka michache iliyopita, na kwa heshima nikamtandikia kitanda cha samadari cha marehemu bibi, kile kirefu ambacho mtu hupandia kwa kigoda. Usiku wa tatu nilimsikia akipapasa ukuta. Nilipotoka nikamkuta amesimama ukumbini, ameshika kikoi chake kwa mkono mmoja, hajui mlango wa choo ni upi, na haya imemjaa usoni hata hakuweza kuniuliza. Mpaka leo nikikumbuka hunisikitisha, kwa sababu kosa lilikuwa langu: nilimkaribisha kwa biriani na udi, lakini sikumwonesha msala uko wapi wala swichi ya taa iko upande gani.

Kesho yake tulishusha godoro kwenye kitanda kifupi, tukamhamishia chumba cha watoto kilichopakana na choo, na watoto wakalala ukumbini kwenye mikeka kwa furaha zao. Kwa hivyo katika njia zako tatu mimi naongeza ya nne, nayo ndiyo naiona bora kuliko zote: mwambie mwanao kabla hujapanda boti. Chini ya nyumba yao hapakosi chumba au sebule panapoweza kuwekwa kitanda kwa wiki tatu. Mkaza mwanao hatakudharau, baba. Kitakachomuumiza ni kusikia kishindo ngazini saa nane za usiku.

Muuguzi Mstaafu

Naunga mkono maneno ya ndugu yangu wa Fuoni, na naomba niseme wazi kuhusu njia ya kwanza: iondoe kabisa. Ngazi za mwinuko mkali usiku hazifai kwa mtu anayeamka mara tatu, hata awe na tochi ya aina gani. Na kuna jambo ambalo huenda hukulizingatia, mzee wangu. Ukifanyiwa upasuaji, jicho moja huweza kufunikwa kwa muda, na mtu anayetumia jicho moja hukosea kukadiria kina cha kidato. Mguu hutua mapema au huchelewa. Hao ndio wagonjwa tuliokuwa tukiwapokea na nyonga zilizovunjika.

Baina ya chombo na choo cha uani, mimi nachagua chombo kwa usiku. Zinauzwa chupa za plastiki za kukojolea kwenye maduka ya dawa, zenye shingo pana na mkono wa kushikia, na mwanamme huweza kuitumia akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Kaa, usisimame. Kabla ya kuinuka popote pale, iwe kwa chupa au kwa choo, kaa kitako dakika moja au mbili huku miguu ikigusa sakafu, kwa sababu presha hushuka mtu anaponyanyuka ghafla, na dawa nyingi za presha pamoja na baadhi ya dawa za tezi dume, kama tamsulosin, huzidisha hali hiyo. Chandarua pia kikunje chote juu upande unaotokea kabla hujasimama; nimeona wazee walioangushwa na chandarua kilichowazinga miguuni. Lakini usilale bila chandarua kwa sababu hiyo.

Sasa sababu yenyewe. Kuamka mara moja katika umri wako ni jambo la kawaida, lakini mara tatu au nne ni jambo la kumwambia daktari, na kwa kuwa unakwenda hospitali, usirudi Wete bila ya kulisema. Huenda ikawa tezi dume, huenda ikawa sukari, na huenda ikawa maji yaliyojaa miguuni mchana ambayo hurudi kwenye damu ukilala, figo zikayatoa usiku. Pima mkojo wako kwa kikombe chenye alama kwa siku mbili tatu, mchana na usiku, na uandike. Kwa mtu wa umri wako, ikiwa zaidi ya theluthi moja ya mkojo wa saa 24 hutoka wakati wa kulala, daktari atajua tatizo si kibofu peke yake. Ikiwa miguu yako huvimba jioni, inyanyue juu ya mito kwa saa moja hivi alasiri. Ukiwa unatumia dawa ya kukojoza maji, muulize daktari saa ya kuinywa, usiibadilishe mwenyewe. Na usijinyime maji kwa joto hili la kwetu: yanywe kwa wingi asubuhi na mchana, kisha upunguze kuanzia Magharibi, pamoja na chai na kahawa.

Ukiona damu kwenye mkojo, homa, au mkojo ukazuilika kabisa usitoke, usisubiri siku ya kliniki.

Maalim wa Chake

Nimesoma kwamba mzee wetu analiona zito suala la chombo, nami napenda kumtoa dhiki. Imepokewa na Abu Daud na An-Nasai kutoka kwa Umayma bint Ruqayqa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa na chombo cha mti chini ya kitanda chake ambacho akikojolea usiku. Basi hakuna aibu katika jambo ambalo yeye alilifanya nyumbani kwake.

Kuhusu tahara, weka birika la maji na beseni pembeni, au karatasi za chooni, upanguse si chini ya mara tatu mpaka pakauke. Anayetokwa na mkojo bila ya kuweza kuuzuia ana hukumu yake: hujisafisha, hujifunga kitambaa, kisha hutia udhu baada ya kuingia wakati wa kila sala ya faradhi, na sala yake ni sahihi. Nasema hivi kwa sababu nawajua wazee walioacha kwenda kuwatazama watoto wao kwa kuogopa kuharibikiwa na sala nyumba za watu.

Bi Mkubwa wa Makunduchi

Mnayoyasema ni ya wanaume. Sisi wanawake chupa hiyo haitufai, na magoti yangu hayachutami tena. Mimi nikienda kwa binti yangu huchukua kiti changu: ni kiti cha mbao ambacho seremala wa hapa kijijini amenitobolea kikalio, na chini yake huwekwa ndoo yenye kifuniko. Mchana kiti hicho hicho hupelekwa chooni kikasimamishwa juu ya tundu. Kwa kulinganisha, kinashinda choo cha uani kwa mbali, kwa sababu uani usiku pana umande, sakafu ina ukungu, na ile mitalawanda inayowekwa mlangoni mwa choo huteleza mno kwa miguu ya mzee. Afadhali ndara za mpira zenye kamba ya nyuma, tena zako mwenyewe.

Kuhusu nani amwage, mimi humwaga mwenyewe kabla ya Alfajiri ninapoweza. Nilipougua, binti yangu alimwaga bila kuniuliza, nami nikanyamaza nikamwachia, kwa kuwa niliona kumkataza ni kumnyima radhi yake.

Mkaazi wa Michenzani

Kwa ufupi: kama una jamaa katika magorofa ya huku, ngazi ni za kupanda mara moja tu, na ukishaingia ndani choo kimo humo humo, sakafu moja. Kwa mgonjwa wa macho hilo ni jambo kubwa. Na taa usiitegemee ya ukutani pekee. Sisi tuliokaa miezi mitatu bila ya umeme Unguja, kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, tulijifunza kuwa na taa ya kuchaji karibu na mto kila usiku, nami sijaiacha tabia hiyo.

Babu wa Wete

Nakushukuruni nyote. Michenzani sina jamaa wa kufikia kwake. Namuuliza Muuguzi: kahawa ya barazani baada ya Isha, vikombe viwili vidogo, nayo imo katika hesabu? Miguu yangu huvimba kidogo jioni, na nilikuwa nikidhani ni uzee tu.

Muuguzi Mstaafu

Imo, mzee wangu. Ihamishie baada ya Alasiri. Na miguu kuvimba mwambie daktari, pamoja na majina ya dawa zote unazotumia. Beba na pakiti zake.

Babu wa Wete

Nimempigia mwanangu simu jana baada ya Magharibi. Nilianza na habari ya macho, kisha nikamweleza yote, pamoja na kule kuteleza ambako sikuwahi kumwambia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema stoo ya chini iliyo karibu na ua ina dirisha, ataisafisha na kuipaka chokaa, na ataweka kitanda kifupi. Kutoka hapo mpaka chooni ni hatua sita, sakafu tupu, bila ya kidato.

Chupa nitainunua huku Wete niende nayo, kwa ajili ya siku ambazo jicho litakuwa limefungwa. Mkaza mwanangu alichukua simu akaniuliza napenda mlango wa chumba ufunguke kwa ndani au kwa nje, nikamwambia kwa ndani. Nimeanza na kuandika vipimo: usiku wa jana niliamka mara tatu, na kahawa sikunywa.